Simu Haikuyaua Maonyesho ya Teknolojia

Karibu kila mteja anayenijia na mpango wa bustani ya burudani, awe mwenye hoteli ya ufukweni au halmashauri yenye kiwanja kilicholala, hufika mahali akaegemea kiti na kuniambia kwamba ukumbi wa teknolojia tuuache, kwa kuwa watu wa siku hizi wana teknolojia yote mfukoni. Hulisema jambo hilo kwa uhakika wa mtu aliyelifanyia utafiti, ilhali hajaufanya. Kazi yangu ni kubuni mabanda ya maonyesho na kuyatunza baada ya kufunguliwa, na kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, kiasi kwamba nimeona heri niijibu kwa maandishi, pamoja na nyingine chache zinazoongozana nayo.

Dhana: Tangu simu janja zienee, wageni hawavutiwi tena na maonyesho ya teknolojia.

Ushahidi unaotajwa siku zote ni Innoventions, ukumbi wa maonyesho ya teknolojia wa kampuni ya Disney. Ukumbi huo ulifunguliwa Julai 1994 ndani ya Epcot, bustani ya Disney huko Florida, ukachukua nafasi ya maonyesho ya CommuniCore yaliyokuwapo tangu bustani yenyewe ianze Oktoba 1982. Upande wake wa magharibi ulifungwa mwaka 2015 na ule wa mashariki mwaka 2019, na ukumbi wa jina hilohilo ulioanza Disneyland, California, mwaka 1998, nao ulifungwa 2015. Tarehe hizo zinaangukia katikati ya enzi ya simu janja, basi mtu anajumlisha moja na moja na kupata kumi na moja.

Asichokitazama ni kile kilichokuwamo ndani. Sehemu kubwa ya Innoventions ilikuwa mabanda ya makampuni: kampuni hulipia nafasi, huleta bidhaa zake na maelezo yake, na mkataba ukiisha huondoka. Aliyewahi kuzunguka viwanja vya Sabasaba anaujua vizuri mpangilio huo, isipokuwa kwamba Sabasaba hakulipa kiingilio cha bustani ya Disney ili atembezwe kwenye matangazo. Bidhaa inayowekwa mezani leo kama ajabu itauzwa dukani baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo ukumbi wa namna hiyo hauna budi kubadilishwa kila mara, na anayebeba gharama ya mabadiliko ni mdhamini. Mdhamini akiondoka, mitambo inabaki ikizeeka, mmoja baada ya mwingine inazimwa, na ukumbi unakuwa mahali pa kupumzikia penye kiyoyozi.

Kwa hiyo ukitaka kujua kilichoua jengo fulani, anza na mkataba wa udhamini kabla hujaitazama simu. Horizons, safari ya Epcot iliyoonyesha maisha ya karne ijayo, ilifunguliwa mwaka 1983 kwa fedha za General Electric. Udhamini uliisha mwaka 1993, na safari ikafungwa moja kwa moja Januari 1999, miaka minane kabla ya iPhone ya kwanza kuuzwa. Universe of Energy, safari ya Epcot hiyohiyo kuhusu nishati, ilipoteza udhamini wa ExxonMobil mwaka 2004, ikachechemea na onyesho lililotengenezwa mwaka 1996 hadi ilipofungwa mwaka 2017. Kwa miaka yote hiyo 13 wageni walikuwa wakionyeshwa habari ya nishati ambayo hakuna aliyekuwa akilipia kuihuisha. Kusema kwamba watu hao walichoka na teknolojia ni kuwasingizia, kwa sababu walichochoshwa nacho ni uzembe.

Nakubali kwamba kipo kitu ambacho simu imekiua kweli, nacho ni kioo cha kugusa. Mwaka 1982 Epcot ilikuwa na vituo vilivyoitwa WorldKey, ambako mgeni aligusa skrini na kupata maelezo ya bustani, na akitaka meza ya chakula aliunganishwa kwa picha na sauti na mhudumu aliyekuwa mahali pengine. Kwa wakati ule hilo lilikuwa onyesho kamili, na haki yake lilistaajabisha. Leo mtoto wa darasa la pili amekwisha kufanya hayo yote kabla ya kufika langoni. Na hapa ndipo uvumilivu wangu unaponiishia: mteja yuleyule aliyeniambia kwamba simu imemaliza maonyesho ndiye atakayeniomba, kabla kikao hakijaisha, niweke skrini za kugusa ishirini ukutani ili ukumbi uonekane wa kisasa. Simu ikishindana na simu kubwa iliyopigiliwa ukutani, itashinda ile iliyo mfukoni, maana ni ya mwenyewe na haina alama za vidole vya watu mia tatu.

Kinachobaki, na ambacho hakijapungua mvuto hata kidogo, ni kile ambacho simu haina: uzito, ukubwa, mwendo, joto, na hatari ya kitu kushindikana mbele ya macho yako. Ndani ya Innoventions hiyohiyo inayosemwa vibaya, ile ya California, kuanzia mwaka 2005 wageni waliketi kutazama roboti ASIMO wa kampuni ya Honda akipanda ngazi. Fikiria jambo hilo kwa makini. Kupanda ngazi hufanywa na kila mtu aliyekuwa ukumbini, na video zake zilikuwa zimejaa kwenye intaneti, hata ile ya mwaka 2006 mjini Tokyo ambamo roboti huyo alianguka ngazini. Hata hivyo ukumbi ulikuwa ukitulia anapoinua mguu kukanyaga kipandio cha kwanza, kwa sababu mashine yenye kimo cha mtoto ilikuwa mita chache kutoka pale ulipoketi na ungeweza kusikia mota zake. Video ya anguko lile iliongeza shauku, haikuipunguza.

Mfano mpya zaidi unamaliza ubishi. Oktoba 2023 Disneyland ilitoa hadharani, kwa majaribio, roboti wadogo wa miguu miwili waitwao BDX, waliofunzwa kutembea kwanza ndani ya kompyuta kwa kurudia mwendo mara zisizohesabika, kisha wakaachwa miongoni mwa wageni huku mhudumu akiwaongoza kwa kidhibiti cha mkononi. Hawakuwa na jukwaa, wala viti, wala maelezo ukutani. Watu waliwazunguka, watu wazima wakichuchumaa ili walingane nao kimo, na karibu kila mmoja alikuwa ameinua simu. Basi simu, inayodaiwa kuwa muuaji, ilikuwa pale ikifanya kazi ya kuwatangaza bila malipo.

Test Track, safari ya magari ya Epcot, inafundisha hilohilo kwa njia nyingine. Banda lililotangulia mahali pale, World of Motion, lilisimulia historia ya usafiri kwa masanamu yanayojongea, likafungwa Januari 1996. Test Track, iliyopokea wageni wake wa kwanza mwishoni mwa 1998, ilimweka mgeni ndani ya gari la majaribio, ikampitisha kwenye breki za ghafla, joto na baridi, kisha ikamtoa nje ya jengo kwa mwendo unaofikia kilomita 105 kwa saa. Mwaka 2012 ilibadilishwa ili mgeni abuni gari lake kwanza na kuona alama zake safarini, na Julai 2025 ikafunguliwa tena kwa sura ya tatu. Hakuna anayetumia fedha kufanyia kivutio ukarabati wa aina hiyo mara mbili ikiwa foleni yake imekauka.

Dhana: Miwani ya uhalisia pepe italeta watu.

Italeta foleni, na foleni si sawa na watu. Mwaka 2016 bustani kadhaa ziliweka miwani hiyo, inayofunika macho na kumwonyesha mvaaji picha za kompyuta, kwenye rola kosta zao: Alton Towers ya Uingereza kwenye Galactica, na Six Flags ya Marekani kwenye treni zake kadhaa. Baada ya miaka michache miwani ile iliondolewa. Chukua treni yenye viti 24 inayoondoka kila baada ya dakika mbili: kwa saa moja imebeba watu 720. Sasa mhudumu amkazie kila abiria mkanda wa kichwa, asubiri mwenye miwani yake ya macho ajipange, abadilishe kifaa ambacho picha yake imegoma kunyooka, kisha apanguse kila kimoja kabla ya kundi linalofuata. Treni ikiondoka kila dakika nne umebaki na watu 360, na wale wengine wako juani wakinung'unika. Europa-Park ya Ujerumani, iliyotangulia wote mwaka 2015, ilielewa tatizo hilo na kwenye rola kosta yake ya Eurosat ikawatengea wavaaji wa miwani kituo chao cha kupandia. Mteja akinitajia miwani, swali langu la kwanza huwa ni nani atakayeipangusa. Bado sijapata jibu lililonyooka.

Dhana: Onyesho likipitwa na wakati, halina faida tena.

Carousel of Progress, onyesho la jukwaani ambalo viti vya watazamaji huzunguka kutoka mandhari moja hadi nyingine, iliyotengenezwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1964, imekuwapo Magic Kingdom, bustani nyingine ya Disney huko Florida, tangu Januari 1975, na mandhari yake ya mwisho yenye jiko linalotii sauti yalitengenezwa miaka ya 1990. Bado inazunguka. Kinachovutia ni familia moja inayopokea taa ya umeme, kisha redio, kisha televisheni, na mgeni anajitafutia mahali alipozaliwa katika mlolongo huo. Spaceship Earth ya Epcot nayo inasimulia mawasiliano tangu michoro ya mapangoni hadi kompyuta, ndani ya tufe lenye urefu wa mita 55, na imeendelea bila mdhamini tangu Siemens ilipoondoka mwaka 2017. Historia haizeeki haraka, na viti vyake vimefungwa kwenye mnyororo usiosimama, kwa hiyo foleni inasonga. Waliojenga Discoveryland, sehemu ya bustani ya Disney huko Paris, mwaka 1992 walikwenda mbali zaidi: badala ya kubashiri siku zijazo, walijenga zile zilizoota kwenye kichwa cha mwandishi wa riwaya Jules Verne, na ndoto hiyo haiwezi kupitwa na bidhaa yoyote ya dukani.

Dhana: Haya ni mambo ya watoto.

Simama mlangoni uhesabu ni nani anayemvuta mwenzake mkono.

Dhana: Gharama kubwa ni ya ujenzi.

Gharama ya ujenzi ni ile inayoonekana kwenye hafla ya uzinduzi, basi. Mgeni akikuta mashine tatu kati ya kumi zina karatasi ya "samahani, mbovu", atakumbuka hizo tatu na ataamini kwamba hata saba zilizobaki zimechakaa. Kwa sababu hiyo sisaini kazi yoyote kabla sijaona fedha za uendeshaji zimetengwa katika akaunti yake, mbali na za ujenzi. Nataka vipuri vya miaka mitatu vinunuliwe pamoja na mitambo, kwa kuwa mtengenezaji ataacha kuvitoa kabla hujamaliza kulipa mkopo. Fundi wa kudumu anayelala mji huohuo, si wa kuitwa kutoka nje kwa tiketi ya ndege. Na mhudumu mmoja kwa kila onyesho kubwa, anayejua kueleza na kutaniana na wageni. Mishahara hiyo ndiyo wateja hupenda kuikata kwanza, kisha hunipigia simu baada ya mwaka kuniuliza kwa nini ukumbi umepoa. Kwenye mikataba yangu ya sasa kuna kifungu kinachosema kwamba onyesho lililozimwa kwa siku saba mfululizo liondolewe sakafuni na nafasi yake iachwe wazi hadi litengenezwe. Wateja hukichukia kifungu hicho, na sikiondoi.