Kwa nini mafuta ya chakula hupita shingoni

Baada ya upasuaji wa shingo tunamwachia mgonjwa mrija wa kutoa majimaji ya jeraha. Mwanzoni hutoka mekundu, kisha hufifia. Mara chache, mgonjwa akishaanza kula, chupa hujaa kitu cheupe kama maziwa. Ndugu zake huingiwa na hofu wakidhani ni usaha. Kumbe ni mafuta ya chakula alichokula.

Yamefikaje shingoni? Sukari na protini zikishameng'enywa huingia kwenye mishipa midogo ya damu ya utumbo mwembamba, na damu hiyo huenda moja kwa moja kwenye ini. Mafuta yana njia yao. Nyongo huyavunja kuwa matone madogo, kimeng'enya cha kongosho huyakatakata, na vipande huingia ndani ya seli za utumbo. Hapo hutokea jambo ambalo hadi leo hunishangaza: seli huviunga upya vipande vilevile, ikayafunga mafuta katika kifurushi chenye ganda lenye protini ndani yake, kiitwacho kailomikroni.

Kifurushi hicho ni kikubwa mno kupenya ukuta wa mshipa wa damu. Lakini katikati ya kila kinyweleo cha utumbo, yaani vijinyama vidogo vilivyochomoza kwenye ukuta wake wa ndani, kuna mshipa wa limfu (majimaji ya mwili yanayorudishwa kwenye damu), ambao seli za ukuta wake zimepandiana kwa kulegea na kuacha nafasi. Humo ndimo kinamoingia, pamoja na vitamini A, D, E na K. Limfu hiyo hupanda kifuani kwa mfereji mmoja mwembamba na kumwagika kwenye vena chini ya shingo, upande wa kushoto, karibu na mtulinga. Mfereji huo ukijeruhiwa wakati wa upasuaji wa shingo, limfu huvujia kwenye chupa. Ini limerukwa, litapata masalia baadaye, misuli na tishu za mafuta zikishachukua chao.

Gaspare Aselli, daktari wa Italia, aliiona mishipa hii ya limfu ya utumbo mwaka 1622 kwa mbwa aliyekuwa ametoka kula. Mbwa huyo angekuwa na njaa, mishipa isingekuwa myeupe, na huenda asingeitambua.

Si mafuta yote hupita huko. Yale yenye asidi za mafuta za minyororo ya wastani, za kaboni 8 au 10, huingia kwenye damu na kwenda ini kama sukari. Ndiyo maana mgonjwa wangu mwenye chupa nyeupe simkatazi kula. Namwandikia mafuta ya aina hiyo, limfu ipungue na mfereji upate kuziba. Usipoziba, tunarudi chumba cha upasuaji kuufunga kwa uzi.