Video ya Ushahidi: Pokea Faili la Asili, Kisha Usiliguse

Video ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa upya. Ubora wake hushuka, na taarifa zilizomo ndani ya faili, kama saa na mahali iliporekodiwa, hupotea. Kwa hiyo ofisi ya kumbukumbu iombe faili lililotolewa moja kwa moja kwenye simu au kadi ya kamera. Pasipo njia nyingine, mtumaji alitume kama hati, si kama video.

Kamera za usalama hazisubiri. Diski ya mashine ikijaa, picha za zamani hufutwa na mpya kuandikwa juu yake. Kabla ya kunakili, linganisha saa ya mashine na saa sahihi, kisha andika tofauti. Ikiwa mbele kwa dakika 7, iandike hivyo hivyo; usiirekebishe kwanza. Toa faili katika umbo lake la asili pamoja na programu ya kulichezea. Kuelekeza simu kwenye skrini na kurekodi ni kuharibu ushahidi: fremu (picha mojamoja zinazounda video) huruka, na maelezo madogo kama namba za gari hufifia.

Faili likishapokelewa, kokotoa kwa programu hashi yake ya SHA-256, yaani alama ya utambulisho inayotokana na yaliyomo ndani ya faili, kabla ya kulifungua. Utapata herufi na tarakimu 64, na badiliko dogo kabisa ndani ya faili huzalisha hashi tofauti kabisa. Usitegemee mbinu za zamani za hashi, MD5 wala SHA-1, peke yake: tangu 2004 kwa MD5 na 2017 kwa SHA-1, imeonyeshwa hadharani kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kutoa hashi moja. Andika hashi hiyo ya SHA-256 kwenye daftari la makabidhiano, pamoja na jina la aliyeleta, aliyepokea, tarehe na saa. Hashi iliyohifadhiwa pembeni ya faili tu haisaidii, kwa kuwa anayeweza kubadili faili anaweza kubadili hashi pia.

Hapa ndipo wengi hukosea: hashi huthibitisha kwamba faili halijabadilika tangu ulipolipokea. Haisemi kama tukio ni la kweli. Video ya uongo yenye hashi safi hubaki ya uongo.

Uhakiki wa maudhui ni kazi nyingine, na hufanywa kwenye nakala. Toa fremu kadhaa, uzitafute mtandaoni kwa picha. Mara nyingi udanganyifu ni video halisi ya zamani iliyopewa maelezo mapya. Linganisha majengo na milima na picha za setilaiti, na mwelekeo wa vivuli na saa inayodaiwa. Saa ya ndani ya faili la video la MP4 ikipishana na ya eneo kwa saa kamili kadhaa, usikimbilie kusema imeghushiwa: kwa kawaida huandikwa kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), ingawa baadhi ya kamera huandika saa ya eneo.

Hifadhi nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, 1 ikiwa katika jengo jingine, na ukokotoe hashi upya angalau kila mwaka. Flashi si mahali pa kuhifadhia kwa miaka mingi. Nakala ya umma iliyofichwa nyuso za mashahidi ni faili jipya: ipe hashi yake, na uandike kilichofichwa, nani alikificha na kwa nini.