Deraya ya sponji ni nini?

Aliyesikia Waefeso 6 ikisomwa anaijua dirii ya kifuani, chapeo ya kichwani na ngao, hata kama hajawahi kumwona mtu aliyevaa vitu hivyo. Deraya ni vazi la kujikinga vitani, aghalabu la chuma, ambalo askari wa kale walivaa dhidi ya panga na mishale. Deraya ya sponji ni vazi lenye umbo hilohilo, ila limetengenezwa kwa sponji ngumu. Huvaliwa jukwaani, kwenye filamu, katika maigizo ya shule na kanisa, na kwenye kosplei, yaani mchezo wa kuvaa kama mhusika wa katuni, filamu au gemu. Neno kosplei lilitokea Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980, likihusishwa na mwandishi Nobuyuki Takahashi, na leo hata Nairobi kuna NAICCON, tamasha la wapenzi wa katuni na gemu, ambako vijana hushindana kwa mavazi waliyoyatengeneza wenyewe.

Deraya hii haimkingi mtu na chochote. Inatakiwa ionekane kama chuma, na mvaaji aweze kutembea, kuketi na kuinua mikono. Watu wengi huikaribia kama kazi ya mhunzi, wakaogopa. Mimi naiona kuwa kazi ya fundi cherehani na fundi viatu, na ukiielewa hivyo nusu ya ugumu huondoka.

Tuanze na sponji yenyewe, maana hapa ndipo wengi hupoteza hela. Sponji ya godoro haifai. Vitundu vyake vimefunguka na kuungana, kwa hiyo hunyonya rangi na gundi kama inavyonyonya maji, wala haishiki umbo ukiikunja. Inayotakiwa huitwa EVA, kifupi cha ethilini-vinili asetati. Ni plastiki yenye tabia ya mpira, iliyojazwa viputo vidogo vya gesi, kila kiputo kikiwa kimefungwa peke yake. Unaifahamu tayari: imo kwenye soli za raba, kwenye ndala nyingi nyepesi, na kwenye yale mabamba ya rangirangi yenye meno yanayoshikana, wanayotandikiwa watoto sakafuni. Mabamba hayo huwa na unene wa sentimita moja hivi, na ndiyo waanzaji wengi duniani wamejifunzia. Wauzaji wa vifaa vya sanaa huuza pia ya milimita 2 kwa mapambo na ya milimita 5 kwa sehemu za kawaida.

EVA ina sifa mbili zinazoifanya ifae. Ya kwanza, inachongeka kwa kisu na msasa. Shirika la Ocean Sole la Kenya huokota malapa yaliyotupwa na bahari, huyabandika pamoja kwa gundi na kuyachonga yakawa kasa, twiga na simba. Ya pili, inatii joto. Ipulizie hewa ya moto na italegea, ikunje, ishikilie mpaka ipoe, nayo itabaki ilivyokunjwa. Draya ya saluni mara nyingi haitoshi. Inahitajika mashine ya hewa ya moto ya mafundi.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Bamba ni bapa, mwili ni mviringo. Utatoaje mviringo kwenye kitu bapa? Utazame mpira wa miguu wa mtindo ule wa zamani, wenye vipande vyeusi na vyeupe. Vipande vyake vyote 32 vilikatwa bapa: 12 vya pembe tano, 20 vya pembe sita. Mviringo umetokana na mishono. Fundi cherehani hufanya vivyo hivyo anapoitoshea blauzi kifuani: hupunguza kitambaa mahali fulani, akaziba, na nguo ikatuna. Kwa sponji unakata kabari yenye ncha kali, unaitoa, kisha unaunganisha kingo mbili zilizobaki. Bamba litainuka lenyewe kama bakuli. Kabari ikiwa nyembamba, litainuka kidogo; ikiwa pana, utapata kikombe cha goti au cha bega. Sehemu ya kigasha haihitaji kabari, kwa sababu imejipinda upande mmoja tu, na joto pekee linatosha.

Umbo la kukata hutoka mwilini mwa mvaaji. Mfunge kifua kwa nailoni nyembamba ya jikoni, juu yake bandika selotepu ya karatasi mpaka nailoni isionekane, kisha chora kwa kalamu mistari ya vipande unavyovitaka. Kata kwa mkasi wenye ncha butu, ukiielekeza ncha mbali na ngozi. Ukiyalaza mezani maganda hayo, umeshapata kiolezo. Fanya nusu moja tu ya mwili, halafu kigeuze kiolezo upate nusu ya pili, ndipo pande mbili zitalingana. Kijaribu kwanza kwa boksi kabla ya kugusa sponji.

Hapa lakini pana tofauti moja na ushonaji, na kuipuuza kuliniharibia bamba zima nilipoanza. Kitambaa ni chembamba hata unene wake hauhesabiwi. Sponji ina unene. Mkono wenye mzunguko wa sentimita 25, ukizungushiwa sponji ya milimita 10, upande wa nje wa sponji utakuwa na mzunguko wa zaidi ya sentimita 31. Ukikata bamba kwa kipimo kilekile ulichokisoma kwenye futi, kingo hazitakutana. Ongeza sentimita tatu au nne, na kata kingo kwa mshazari ili zikikunjwa zilaliane vizuri.

Kisu kiwe kikali kuliko unavyodhani kinahitajika. EVA hufubaza makali upesi sana, na kisu butu huacha ukingo uliotafunika ambao hakuna rangi itakayouficha. Noa au badilisha wembe mara kwa mara, na pitisha kisu mara kadhaa kwa wepesi badala ya kukandamiza mara moja.

Kuhusu gundi, muulize fundi viatu. Ni ileile yake: unapaka pande zote mbili, unaziacha zikauke mpaka kidole kisinate tena, ndipo unazikutanisha. Zikigusana zimeshikana, hakuna kurekebisha. Asiye na subira hubandika gundi ikiwa bado mbichi, na kiungo huachia siku ya onyesho. Nalisisitiza hili kwa dhati: mvuke wa gundi hiyo hudhuru ubongo na mapafu. Fanya kazi nje au madirisha yakiwa wazi, vaa barakoa yenye kichujio cha kemikali, na usiwaachie watoto kopo. Wakati wa kupiga msasa vaa barakoa ya vumbi. Tena hakikisha ulichonunua ni EVA kweli, kwa maana PVC, plastiki nyingine, ikiungua hutoa gesi kali.

Kabla ya rangi, pitisha hewa ya moto juu ya uso wote mpaka ung'ae kidogo. Vitundu vilivyofunguliwa na kisu vimejifunga. Fuatisha matabaka kadhaa ya gundi nyeupe ya mbao iliyoongezwa maji kidogo. Rangi ya mafuta ya milango iache, huwa ngumu na kupasuka vazi likikunjwa. Rangi ya akriliki hunyumbulika zaidi. Weusi kwanza, kisha rangi ya fedha juu ya sehemu zilizoinuka tu, mwisho kahawia iliyozimuliwa ndani ya mifereji, kama kutu. Chuma cha dirii halisi kilikuwa na unene wa kama milimita mbili, hivyo punguza kingo zinazoonekana, la sivyo jicho litagundua godoro.

Chuma kilimfundisha fundi wa Ulaya jambo ambalo sponji nayo inalihitaji. Deraya kamili ya karne ya 15 ilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 25, na bado aliyeivaa aliweza kupanda farasi, kwa kuwa ilikuwa vipande vingi vilivyolaliana kama magamba ya samaki na kufungwa kwa mikanda. Yako itakuwa nyepesi mno kuliko hiyo, lakini ukiifanya kipande kimoja hutaweza kuketi. Acha kwapa na viwiko wazi, funga kwa lastiki, vifungo vya mkanda na velkro.

Ukishamaliza, itundike mahali penye kivuli. Ndani ya gari lililoegeshwa juani, joto lile lile lililoikunja litaikunjua.