Je, wajua? Mwogeleaji hachangii vyandarua, anavichangisha

Mwaka 2005 watu wa nchi nyingi walijitosa kwenye mabwawa, maziwa na bahari, wakaogelea ili vyandarua vya kuzuia malaria vinunuliwe. Kampeni hiyo iliitwa World Swim Against Malaria. Mwanzilishi wake, Mwingereza Rob Mather, alikuwa ameijaribu njia hiyo mwaka 2003, alipowaomba marafiki wachache waogelee kumchangia mtoto aliyeungua vibaya nyumba yao iliposhika moto. Marafiki wakawaita marafiki zao, na mwishowe waogeleaji wakafika kama 10,000. Kutokana na kampeni ya malaria likakua shirika la Against Malaria Foundation, ambalo limegharimia vyandarua vingi nchini Kongo, Uganda, Malawi na kwingineko.

Sasa, jasho linageukaje kuwa chandarua? Mtu akitaka kuchangia, kwa nini asitume pesa tu, akabaki nyumbani?

Wengi hudhani jibu liko kwenye ada ya usajili. Washiriki wanalipa, wanapewa fulana na namba ya kifuani, wanakimbia, na kinachobaki baada ya gharama kinakwenda kwa wenye shida. Dhana hiyo haikutoka hewani, kwa sababu mbio nyingi za hisani tunazozijua huendeshwa karibu hivyo. CRDB Bank Marathon ya Tanzania, kwa mfano, imechangia matibabu ya moyo kwa watoto kwa ada za washiriki pamoja na michango ya kampuni. Kampuni zikijitokeza, njia hiyo inaleta fedha nyingi.

Ila ukiipeleka hesabu hiyo kwenye timu ya mtaa isiyo na kampuni nyuma yake, inakwama mapema. Toa fulana, maji ya kunywa, maturubai, vipaza sauti, gari la wagonjwa na medali kwenye ada ya elfu chache, uone kinachobaki. Mara nyingi ni siku njema na fedha kidogo. Ada hutolewa na mshiriki peke yake, mara moja, na sehemu kubwa yake humrudia mwenyewe kwa njia ya fulana.

Katika mfumo wa Mather, mwogeleaji ni mchangishaji. Anawaambia ndugu, majirani na wenzake wa kazini kwamba tarehe fulani ataogelea umbali fulani, kisha anamwomba kila mmoja atoe alichojaliwa. Aliye majini ni mmoja, wanaotoa wako nje, na wanaweza kuwa ishirini. Kwa kuwa kila kikundi kilitafuta maji ya karibu nacho, hapakuwa na haja ya kufunga barabara wala kukodi uwanja. Gharama za kuendesha shirika hubebwa na wafadhili wachache waliokubali kazi hiyo, hivyo pesa ya umma hununua vyandarua tu.

Aliyewahi kuwa kwenye kundi la WhatsApp la michango ya harusi ameshaelewa nusu ya siri hii. Mweka hazina anabandika orodha: jina, ahadi, kilicholipwa. Mjomba wa bwana harusi akifungua na laki mbili, wanaofuata hawathubutu kuandika elfu tano. Wanajipima, wanaandika hamsini, wengine laki. Orodha ikifunguliwa na elfu kumi, basi elfu kumi ndiyo inakuwa kiwango cha kundi zima, na kamati itahangaika hadi wiki ya sherehe. Tena anayekuomba ni mtu unayemfahamu, mtakayekutana kesho msibani au kazini.

Wachumi Sarah Smith, Frank Windmeijer na Edmund Wright walilichunguza jambo hilo kwenye kurasa za michango za wakimbiaji wa London Marathon ya mwaka 2010. Mchango mkubwa ulipoonekana kwenye ukurasa, waliofuata walipandisha. Mdogo ulipoonekana, walishusha. Kwa hiyo timu ya mtaa ina sababu nzuri ya kumwendea kwanza mtu mwenye uwezo na moyo wa kutoa, kabla orodha haijasambazwa.

Nusu ya pili ni jasho lenyewe. Mwaka 2013 Christopher Olivola na Eldar Shafir walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu huwa tayari kutoa zaidi wanapotakiwa kupitia taabu, kama kukimbia maili tano, kuliko wanapoalikwa kwenye mandari ya hisani. Mvuto huo ulikuwa na nguvu zaidi pale lengo lilipohusu mateso ya binadamu, na malaria iko hapo hapo. Tahadhari moja: sehemu ya majaribio hayo iliwauliza watu wangefanya nini, na kilichopimwa ni ukarimu wa anayetaabika mwenyewe. Kwamba jirani anayetazama naye huguswa vivyo hivyo, hilo linahitaji ushahidi wake.

Mfano ninaoupenda unatoka kwenye mpira wa kikapu. Stephen Curry wa Golden State Warriors aliahidi vyandarua vitatu kwa kila mtupo wa pointi tatu utakaoingia, kupitia kampeni ya Nothing But Nets. Msimu wa 2012–13 aliingiza mitupo 272, rekodi ya ligi wakati huo. Ukizidisha, ni vyandarua 816. Kwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, aliyoitembelea mwaka 2013 kugawa vyandarua, hiyo ni sehemu ndogo mno ya mahitaji. Lakini kila mtupo ulikuwa ombi kwa mashabiki wanaohesabu pamoja naye, na wao ni wengi.

Kuhesabika huko kunaisaidia sana malaria. Chandarua chenye dawa hununuliwa kwa takriban dola 2, na watu wawili hulala ndani yake. Aliyetoa kidogo anaiona kazi ya pesa yake. Bei hupanda kwa aina mpya zilizoongezewa kemikali ya pili, ambazo majaribio ya Muleba na Misungwi, Kanda ya Ziwa, yalionyesha zinafaa zaidi pale mbu waliposhazoea dawa ya zamani.

Wapo wanaopenda kila mkimbiaji achague familia yake ya kuisaidia. Wataalamu huwakatalia, na sababu yao ilipatikana Asembo, magharibi mwa Kenya, katika utafiti mkubwa wa miaka ya 1990. Nyumba zisizo na chandarua, zilizokuwa ndani ya kama mita 300 kutoka vijiji vyenye vyandarua, nazo zilipata nafuu, kwa sababu dawa ilikuwa inaua mbu kabla hawajahamia kwa jirani. Nafuu hiyo huja vyandarua vinapokuwa vingi mahali pamoja. Ndiyo maana shilingi za waogeleaji wa miji tofauti huunganishwa, zikasubiri zamu ya ugawaji, kisha wilaya nzima ikapewa kwa mkupuo mmoja, nyumba kwa nyumba.