Ditekta Haijui Dhahabu: Yanayosemwa Ufukweni na Yaliyo Kweli

Ingia baharini Nungwi, huku Unguja, na ditekta, ile mashine ya kutafutia metali, mkongojo wenye sahani mwishoni na hedifoni masikioni, uone. Dakika kumi hazipiti, nyuma yako lipo jeshi la watoto, na mbele yako wazee wawili wa kukupa maelekezo. Mmoja atakwambia dhahabu iko chini ya ule mwamba, kaizika Mjerumani. Mwengine atakuuliza bei ya mashine, na ukishaitaja atakwambia umeibiwa, maana mtoto wa nduguye yuko Dar, na yake inaona mita kumi chini ya ardhi. Mimi kazi yangu ni pete za wageni na vikuku vya mabibi harusi. Hazina sijaiona. Maneno ya hazina nimeshayasikia ya kutosha.

"Mashine inaijua dhahabu"

Haiijui. Ndani ya ile sahani mna waya uliozungushwa duara. Umeme wa kupanda na kushuka ukipita humo huzaa usumaku, na usumaku huo ukikipata kitu kinachopitisha umeme, nacho huamsha umeme wake mdogo na kujibu kwa usumaku wake. Sahani hulisikia jibu, wewe ukasikia mlio. Namba zinazotokea kwenye kioo ni makisio ya jinsi kitu kilivyojibu, na pete nyembamba ya dhahabu hujibu karibu sawa na kile kishikio cha kufungulia kopo la soda, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ndiyo maana anayeanza kazi huipanga mashine isipigie kelele takataka, akashinda kutwa kwa raha, akarudi mikono mitupu. Pete kaipita mwenyewe, kwa amri yake mwenyewe.

Mkufu ni balaa zaidi. Mtu hudhani kwa kuwa ni mrefu utasikika upesi, kumbe mashine husikia pingili moja moja, na pingili ya mkufu mwembamba ni kitu kidogo mno.

Ama hiyo mita kumi, mwambieni kijana wa Dar aturudishie pesa zetu. Pete au sarafu, kwa mashine nzuri, ni sentimita 20 hadi 30 hivi, na kitu kikubwa kama nanga kinaweza kusikika chini zaidi. Wapo wanaouza vijiti viwili vya antena vinavyojigeuza vyenyewe kuelekea hazina iliyo mbali. Hivyo si mashine hata kidogo. Uingereza mwaka 2013 James McCormick alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kuuza vijiti vya ukoo huo huo, akidai vinagundua mabomu, na Iraq wakavitumia kwenye vizuizi vya barabarani. Mwanzo wake vilikuwa vitu vya kuchekesha vya kutafutia mipira ya gofu, na ndani hamkuwa na kinachofanya kazi.

"Maji ni maji tu"

Hapa ndipo wengi wetu tulipotupa pesa, na mimi nimo. Mashine yangu ya kwanza niliinunua baada ya kutazama video za Marekani, watu wanaingia mtoni na ziwani, wanatoka na pete. Nikaiteremsha baharini, ikapiga kelele mfululizo kama jogoo aliyepotewa na saa. Nikadhani nimesimama juu ya hazina. Nilikuwa nimesimama juu ya maji ya chumvi.

Maji ya ziwa au mto hupitisha umeme kidogo sana, kwa hiyo mashine haiyajali. Atakayekwenda Ziwa Victoria au Ziwa Tanganyika tatizo lake litakuwa udongo na mchanga mweusi wenye madini ya chuma. Bahari ni kinyume chake. Chumvi inalifanya lile bwawa zima lijibu kana kwamba nalo ni metali, na pabaya kuliko pote ni pale wimbi linapokuja na kurudi, kwa sababu sahani mara iko majini mara haimo. Unaweza kupunguza ukali wa mashine ikanyamaza, lakini vitu vidogo navyo vinanyamaza pamoja nayo.

Dawa zipo mbili. Ya kwanza ni mashine za mipigo: hutuma mpigo wa umeme, hukata, husubiri kitambo kisichofika hata sehemu ya elfu ya sekunde, ndipo husikiliza. Jibu la chumvi hufa upesi, la metali huchelewa kidogo, basi hilo ndilo linalobaki. Ubaya wake ni kwamba hazijui kubagua, na ufukwe wetu una misumari ya majahazi, ndoana na chubwi za miaka na miaka. Utachimba vyote. Dawa ya pili ni mashine zinazotumia masafa mengi kwa wakati mmoja na kulinganisha majibu, nazo bei yake ukiisikia utakaa chini kwanza. Neema tuliyonayo ni mchanga wetu wenyewe: mweupe, wa matumbawe na makome, hauna chuma cha kuisumbua mashine. Adui ni chumvi peke yake.

Na tahadhari moja ya dukani. Muuzaji akisema "haiingii maji", muulize ni sahani au ni kisanduku cha umeme. Mara nyingi ni sahani tu. Wimbi moja likikipiga kisanduku, habari yako imekwisha.

"Lazima uwe mzamiaji"

Wala. Kazi nyingi hufanyika maji yakiwa magotini hadi kifuani, na anayejua bahari huyangoja maji yamtumikie. Bamvua, yaani bahari ikijaa na kupwa kuliko kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwetu tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Paje na Jambiani bahari hujivuta mbali hivi kwamba mahali watu walipoogelea asubuhi unapita kwa miguu mchana. Nungwi na Kendwa haikimbii hivyo, huko utalowa tu. Maji mafu, bahari isipopwa sana, bora ubaki nyumbani urekebishe hedifoni.

Ukienda Paje au Jambiani lakini, zile kamba na vijiti ni mashamba ya mwani ya kina mama. Usipite katikati, usichimbe karibu, na omba ruhusa kwanza. Buruta nyayo unapotembea, samaki aina ya taa hulala wamejifukia mchangani na hawapendi kukanyagwa. Shimo ulilochimba lifukie.

"Pete ishachukuliwa na mkondo"

Hili ndilo linalowakatisha watu tamaa bure. Dhahabu safi ni nzito mara 19 ya maji, mchanga hata mara 3 haufiki. Pete ikianguka haisafiri kwenda Pangani. Inazama pale pale, mawimbi yanaulegeza mchanga chini yake, inashuka mpaka ikutane na kitu kigumu. Kinachopotea ni kumbukumbu ya mahali. Wageni huniambia "ilikuwa mbele ya hoteli", na hoteli ina ufukwe wa mita mia mbili. Fanya kama wavuvi wetu wanavyokumbuka mwamba wa samaki: linganisha mnazi na paa lililo nyuma yake, kisha pembeni linganisha vitu vengine viwili. Mistari miwili ikikatana, hapo ndipo. Na wahi, kabla kusi au kaskazi havijauhamisha mchanga na kuifukia pete kwenye kina ambacho mashine haisikii.

Wapo wanaosema kitu kikikosekana ni jini amekihamisha. Mambo ya majini nawaachia wenyewe, ila nijuavyo, chuma kilichooza hueneza kutu kwenye mchanga unaokizunguka, mlio ukawa mkubwa. Ukichimba, kutu inatawanyika na mlio unakufa. Sumaku za kuvulia nazo zina uzushi wake: hazinasi dhahabu, fedha wala shaba. Zitakuletea nati.

"Bandarini kumejaa meli za mali"

Glasgow, meli ya Sultani, ilizamishwa tarehe 27 Agosti 1896 katika vile vita vya Waingereza na Zanzibar, vya dakika arubaini kasoro. Milingoti yake ilibaki ikionekana juu ya maji mbele ya Mji Mkongwe mpaka 1912, ilipovunjwavunjwa. Pegasus ya Waingereza ilipigwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914 ikiwa imesimama kutengenezwa mitambo, na mabaki yake yaliuzwa kuwa chuma chakavu mwaka 1955. Hazina iko wapi hapo? Kinachoweza kubaki ni mizinga na risasi zake, na donge la kutu linalofanana na chupa nene usilipige nyundo. Liache, waite polisi. Na ile Spice Islander, meli ya abiria iliyozama mwaka 2011, kaka zangu, ile ni kaburi.

Pemba, Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilipatikana zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, vijipande vidogo mno, pamoja na dinari chache za dhahabu. Thamani yake ilikuwa kule kukaa kwake pamoja: dinari za nje ndizo zilizowajulisha wataalamu kwamba lundo lote ni la karne ya 11. Zingechotwa moja moja na kuuzwa, zisingesema lolote. Kwa hiyo ukikuta cha kale, usikihamishe, peleka habari kwa watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale. Pete ya juzi ni luqata, yaani mali ya kuokotwa katika sheria ya Kiislamu, na hukumu yake mwaifahamu: tangaza mwaka mzima.

Mwisho, ukwaju. Kila nyumba hapa husugulia shaba. Besa, ile sarafu ya shaba ya Sultani Barghash, ya 1299 Hijria, ina mizani katikati. Yangu niliisugua kwa ukwaju na majivu mpaka ikang'ara, na mizani nayo ikaondoka. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi tu, uiache na ukijani wake.