Sikio baada ya ajali ya gari: jeraha linaloweza kusubiri na lisiloweza

Mtu akitolewa kwenye gari lililogongana, wahudumu huangalia kwanza kama anapumua, wapi anavuja damu na mfupa gani umevunjika. Ndivyo inavyotakiwa. Sikio halimo katika haraka hiyo, na mwenyewe hasemi: kichwa kinamuuma, kapewa dawa ya kutuliza maumivu, na wodini kuna zogo kiasi kwamba kila mtu anapaza sauti. Anakuja kugundua akiwa kesharudi nyumbani, siku anapohamisha simu kutoka sikio moja kwenda la pili na kukuta upande mmoja hausikii kitu.

Hapo huenda wiki mbili zimeshapita. Kwa majeraha mengine ya sikio wiki mbili si neno, kwani yangeachwa yapone yenyewe hata kama yangejulikana siku ileile. Kwa mengine, wiki hizo ndizo muda wote uliokuwapo wa kuokoa usikivu.

Kishindo cha eabegi

Si lazima kichwa kigonge popote ndipo sikio liumie. Mfuko wa hewa, au eabegi kama mafundi wanavyouita, hujaa gesi kwa muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kasi hiyo hutokana na mlipuko mdogo wa kemikali, na kilele cha sauti yake hufika kati ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 150 na 170. Sauti huanza kuuma sikio kwenye desibeli 120 hadi 140 hivi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila desibeli hazihesabiki kama sentimita: kila zikiongezeka 20, msukumo wa hewa umezidi mara kumi.

Sikio la kati lina misuli midogo inayojikaza sauti inapozidi, ili kupunguza mtikisiko unaoingia ndani. Kwa eabegi haiwahi. Inapokaza, kishindo kimeshapita. Msukumo unaweza kupasua ngoma ya sikio, na nguvu inayoendelea huingia kwenye koklea, ule mrija uliojiviringisha kama konokono, wenye majimaji na seli za vinyweleo zinazogeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa neva. Seli hizo zikifa hazioti tena. Zinazoumia mapema ni za sauti nyembamba, hasa kwenye eneo la hezi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde.

Kwa hiyo majeruhi wa aina hii mara nyingi hasemi "sisikii". Husema "nasikia ila sielewi". Sauti ya mtu anaipata, lakini "suka", "fuka" na "shuka" zinamfikia kama neno moja, kwa sababu kinachozitofautisha ni mivumo myembamba ya mwanzo tu. Juu ya hapo kuna mlio sikioni, kama wa mbu au wa chuma kilichogongwa, unaokera zaidi usiku nyumba inapotulia. Mlio huo peke yake ni sababu tosha ya kwenda kupimwa, hata kama mtu anaona anasikia vizuri.

Yote haya si hoja ya kuifungua eabegi na kuitupa. Inaokoa uhai, na sikio halilingani na uhai. Linalowezekana ni dereva kukaa mbali nayo kidogo: kifua kiwe walau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani, na watoto walio chini ya miaka 13 wakae kiti cha nyuma.

Kichwa kikigonga

Mfupa unaobeba sikio la ndani ni miongoni mwa mifupa migumu kuliko yote mwilini. Ukipasuka, ujue pigo lilikuwa kubwa. Damu hujaa nyuma ya ngoma, na daktari akichungulia huiona ngoma imekuwa ya zambarau. Sikio huziba kama la mtu aliyeingiwa na maji. Damu hiyo kwa kawaida hufyonzwa na mwili ndani ya wiki chache, na usikivu hurudi.

Usiporudi, shaka huhamia kwenye vifupa vitatu vinavyopokezana mtikisiko: nyundo, fuawe na kikuku. Fuawe ndiyo hutoka mahali pake kwa urahisi zaidi, kwa kuwa imening'inia katikati na kushikwa na kano chache. Hapo mtu hupoteza hadi desibeli 60 hivi, ingawa koklea yake ni nzima kabisa. Upasuaji wa kuunganisha upya au kuweka kipande bandia unaweza kurudisha sehemu kubwa ya usikivu, na hauna haraka. Wapasuaji husubiri miezi miwili au mitatu mpaka uvimbe na damu viishe.

Ufa ukipita kwenye koklea yenyewe, habari ni nyingine. Sikio huwa kiziwi papo hapo, chumba kinazunguka, na mgonjwa anatapika. Na hata bila ufa wowote, mtikisiko wa kichwa unaweza kuijeruhi koklea vilevile kama kishindo kinavyofanya. Picha ya CT isiyo na ufa haimaanishi kwamba sikio ni zima.

Jipime kwa kuguna

Kuna kipimo kisichohitaji kifaa. Kaa mahali palipotulia, funga mdomo, uguna "mmmm" kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka, kisha sikiliza mguno umeelemea upande gani.

Ukielemea kwenye sikio lililoziba, tatizo huenda liko kwenye njia ya sauti: damu, ngoma iliyotoboka, vifupa. Ukielemea kwenye sikio zima, tatizo huenda liko ndani, kwenye koklea au neva. Anayeona hili ni kinyumenyume aguse mwenyewe: ziba sikio moja zima kwa kidole huku unaguna, na mguno utahamia palepale ulipoziba. Daktari hufanya jambo lilelile kwa uma wa chuma unaotetema mara 512 kwa sekunde, akiusimamisha katikati ya paji la uso.

Mguno ukikimbilia sikio zima huku la pili halisikii, usisubiri miadi ya mwezi ujao. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo au kesho yake. Kwa upotevu wa ghafla wa sikio la ndani madaktari hufikiria dawa za steroidi, za kumeza au za kudungwa kupitia ngoma, na nafasi ya kufaidika hupungua kadiri siku zinavyopita. Baada ya wiki mbili huwa imepungua sana. Si kila majeruhi anafaa kuzipewa, hasa mwenye kisukari au maambukizi, kwa hiyo usijinunulie. Kipimo cha kuguna nacho kina mipaka yake: masikio yote mawili yakiumia sawasawa, mguno hukaa katikati na hausemi kitu.

Saa za kwanza

Usitie chochote sikioni: si mafuta, si maji, si pamba ya masikio ya kijiti, si matone yaliyobaki kabatini. Baadhi ya matone ya antibiotiki, yenye gentamaisini au neomaisini, yanaweza kudhuru koklea yakipita kwenye tundu la ngoma. Damu ikitoka, weka shashi safi juu ya sikio bila kushindilia. Mgonjwa asipenge kamasi kwa nguvu, na akipiga chafya aiachie mdomo wazi.

Majimaji meupe kama maji yanayotoka sikioni au puani, hasa yanayoongezeka mtu akiinama, yanaweza kuwa maji ya ubongo. Yakichanganyika na damu kwenye shashi, mara nyingi damu hubaki katikati na duara jepesi hutanuka pembeni. Alama hiyo si uthibitisho, ila inatosha kumkimbiza mtu hospitali, kwa sababu njia inayotoa maji hayo nje ndiyo inayoweza kupitisha vijidudu kuingia ndani. Homa, shingo kukakamaa au kichwa kuuma vikali katika siku zinazofuata ni dharura.

Angalia pia uso. Jicho lisilofumba au mdomo uliopinda ni dalili kwamba neva ya uso, inayopita ndani ya mfupa huohuo, imeguswa. Andika saa ulipoona. Uso uliopooza palepale kwenye ajali huashiria huenda neva imekatika au kubanwa; uliopooza siku mbili au tatu baadaye kwa kawaida ni uvimbe, na wengi wa hao hupona. Swali la kwanza la daktari litakuwa "ulianza lini?", na aliyekuwa kando ya kitanda ndiye mwenye jibu.

Ngoma iliyotoboka, tofauti na koklea, ina subira. Matundu mengi, hasa madogo, huziba yenyewe kati ya wiki 6 na miezi 3, mradi maji yasiingie. Wakati wa kuoga, paka vaselini kwenye kibonge cha pamba na kukiweka mlangoni mwa sikio, kisha ukitoe ukimaliza. Kuogelea kusubiri.

Kizunguzungu kinachokuja kwa sekunde chache, chini ya dakika moja, mtu anapogeuka kitandani au kutazama juu, mara nyingi ni chembe za chokaa za sikio la ndani zilizong'oka kwenye mtikisiko. Vidonge haviondoi tatizo lenyewe. Mtaalamu akikigeuza kichwa kwa hatua maalumu chembe hurudi zinapotakiwa, wakati mwingine kwa mara moja tu. Kabla ya hapo ahakikishe shingo haijaumia.

Vipimo na karatasi zake

Omba odiometri, yaani kupimwa usikivu wa kila sikio: kwa njia ya hewa, sauti ikipita tundu la sikio, kutoka hezi 250 hadi 8,000, na kwa njia ya mfupa, kwa kifaa kinachotetema juu ya fuvu. Njia ya mfupa isipopimwa, karatasi haiwezi kuonyesha kama kasoro ni ya vifupa au ya koklea, na kazi itarudiwa. Kipimo cha pili kifanyike baada ya wiki 6 hivi, cha tatu baada ya miezi 3. Mtoto mdogo hawezi kueleza. Asipogeuka akiitwa kwa nyuma, au akianza kuongeza sauti ya televisheni, asihesabiwe kuwa mkaidi kabla hajapimwa.

Kwa anayedai fidia ya bima, odiogramu, yaani karatasi ya majibu ya odiometri, ya wiki ya kwanza ina uzito kuliko ya mwaka mmoja baadaye, kwa sababu bima watauliza kama usikivu haukuwa umepungua tangu zamani kwa umri au kelele za kazini. Kama kazini mlipimwa masikio kabla ya ajali, tafuta karatasi hiyo na uiambatanishe. Mwombe pia daktari aandike kama eabegi ilifumuka, sikio gani lilielekea upande wake, na kama kulikuwa na mlio au kizunguzungu siku hiyo. Mambo hayo yasipoandikwa mwanzoni ni vigumu kuyathibitisha baadaye.