Kujivua gamba: nyoka anavua nini hasa?

Tangu CCM walipouchukua msemo huu mwaka 2011, Mtanzania akisikia "kujivua gamba" anawaza viongozi wa kutoswa kabla ya kumwaza nyoka. Leo tumrudishie mwenyewe.

Kwanza, nyoka haachi magamba yake. Anachoacha ni utando mwembamba wa juu uliokwisha kufa, wa jamii ileile ya kucha zako. Magamba yanabaki mwilini, yakiwa na utando mpya tayari. Ule wa zamani haukui pamoja naye, tena huchakaa, ndiyo maana kinda hujivua mara nyingi kuliko nyoka mzima. Mjusi kafiri wa ukutani naye hujivua, ila vipande vipande, na mara nyingi anavila.

Dalili ziko machoni. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu, kama kioo cha saa, na utando wake wa juu nao huvuliwa. Siku kadhaa kabla, majimaji hujaa kati ya utando wa zamani na mpya, jicho likawa kama maji yaliyooshea mchele. Haoni vizuri, hujificha, na hasira ziko karibu. Baadaye jicho hutakata, naye huanza kusugua midomo kwenye jiwe au gome mpaka utando ufunguke. Hapo hutambaa akitoka, nao unageuka ndani nje kama soksi.

Huku Kigoma tuna fira wa maji wa Ziwa Tanganyika, mla samaki, anayejificha kwenye nyufa za mawe ya ufukweni. Sumu yake si ya mchezo, sishauri mtu amchungulie. Gamba, yaani ule utando uliovuliwa, ndilo la kutazama kwa raha zako: alama za magamba mapana ya tumboni zimepangana kama ngazi, na kichwani vipo vile vioo viwili vya macho. Usilitumie tu kumpimia urefu, maana linavutika wakati wa kuvuliwa.

Kwa kuwa linageuka, kichwa cha gamba hubaki alikoanzia na mkia huelekea alikokwenda. Asubuhi moja nililikuta moja kati ya mawe, bado lina unyevu. Mkia ulielekea kwenye ufa niliokuwa nimeuegemea kwa mkono.